VirtualBox iliingia, mashine ikagoma: kisa kimoja cha Kigoma

Kompyuta ililetwa kibandani kwangu Mwanga ikiwa imeviringishwa kitenge, vumbi la barabarani lisiingie kwenye vitufe. Aliyeileta ni kijana wa miaka ishirini na ushee, yuko nyumbani akisubiri matokeo ya chuo. Hata kukaa hakukaa.

"Shikamoo mjomba. Nimeweka VirtualBox mara nne, na mara zote nne imekataa."

Nimeiandika kauli yake kama alivyoitoa kwa sababu kosa la kisa kizima limo humo. VirtualBox, programu inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi, haikukataa hata mara moja. Iliingia tangu siku ya kwanza, dirisha lake likafunguka, akaunda mashine pepe, akaipa jina "Hesabu za Mama", akaikatia diski ya GB 40. Kilichokataa ni kitu kingine kisicho na dirisha wala picha ya kubofya, ambacho yeye hakujua kama kipo.

Mama yake ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanaonunua na kuanika dagaa Kibirizi. Vitabu vya kikundi vilikuwa kwenye programu ndogo ya hesabu inayokubali Windows tu. Mama aliirithi kwa mweka hazina aliyemtangulia, pamoja na kompyuta ya mezani ambayo baadaye iliungua umeme uliporudi kwa kishindo. Faili zilipona kwenye flashi. Wakanunua kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Windows iliyokuja nayo ilikuwa imejaa virusi, kijana akaifuta na kuweka Ubuntu 22.04, mfumo wa familia ya Linux, toleo la Aprili 2022, aliloshika nalo mkono chuoni. Ubuntu ikatulia. Programu ya hesabu ndiyo ikakosa pa kuishi. Alijaribu kuipitishia Wine, chombo cha kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, ikaonyesha dirisha jeupe kisha ikazimika, ndipo akafikia wazo la kuiwekea Windows yake yenyewe ndani ya Ubuntu, kama mtu anayejenga chumba cha mgeni ndani ya uzio uleule.

Muda nao haukuwa rafiki. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu samaki hawazifuati taa na mitumbwi hulala ufukweni. Siku hizo za mbalamwezi ndizo kikundi hufunga hesabu na kugawana. Mama alikuwa amepiga simu mara mbili kabla sijafungua hata kifuniko. "Fundi, mimi maneno ya Kizungu hayo siyajui. Giza likirudi sina nafasi ya kukaa na karatasi."

Alichofanya kabla ya kunifikia

Nilimwomba anieleze alichofanya, siyo alichoona. Aliyekwisha kunywa dawa za majirani watatu lazima azitaje kwanza.

Kwanza alipakua kifurushi cha .deb, yaani faili ya kusakinishia programu kwenye Ubuntu, kutoka tovuti ya VirtualBox, karibu MB 100, lakini akachagua kile cha Ubuntu 20.04. Kikadai maktaba za toleo la 2020 ambazo la 2022 halina tena. Hilo ni kosa la kawaida la mgeni: anaona neno Ubuntu, haangalii namba inayofuata. Lilimgharimu bando tu, halikuharibu kitu.

Pili akaandika kwenye teminali `sudo apt install virtualbox`, na hapa alikuwa sahihi kabisa. Ubuntu ina VirtualBox kwenye hazina yake, ile sehemu ya multiverse, na kwa 22.04 ni toleo la 6.1. Katikati ya usakinishaji skrini ikageuka rangi, maandishi mengi ya Kiingereza yakieleza habari za Secure Boot, ulinzi wa kompyuta inapowaka, kisha ikaomba aweke nywila. Akaweka nywila, akabonyeza OK. Video aliyokuwa akiifuata ilisema awashe kompyuta upya, akaiwasha upya, akatoka kwenda kununua vocha. Aliporudi Ubuntu ilikuwa imeshawaka, kila kitu kikionekana shwari.

Akafungua VirtualBox, akaunda mashine, akabonyeza Start. Ukatoka ujumbe: "Kernel driver not installed (rc=-1908)". Chini yake kuna maelezo yanayosema draiva haijapakiwa au haikuwekwa sawasawa, endesha `/sbin/vboxconfig` kama msimamizi. Akaendesha. Jibu: `command not found`.

Hapo ndipo alipoanza kufuta na kurudisha. Alifuta akarudisha mara tatu, bila kuwasha kompyuta upya hata mara moja, na kila mara bando likaliwa, maana amri ya `apt` kwa kawaida hukitupa kifurushi kikishasakinishwa na kukipakua tena ukikihitaji. Mwisho akafunga kifuniko kompyuta ikalala, akaileta.

Sitamcheka. Mafundi wengi hapa mjini wangesema "huyu hasomi", lakini alisoma, na ujumbe wenyewe ulimtuma dukani kununua dawa ambayo duka halina. Amri ya `/sbin/vboxconfig` huja na kifurushi kinachotolewa na Oracle wenyewe. Kile cha hazina ya Ubuntu hakiji nayo, ila ujumbe umebaki uleule. Halafu mwishoni kabisa mwa ujumbe kuna sentensi moja isemayo kwamba kama kompyuta ina Secure Boot, huenda ukahitaji kuzitia saini moduli za kerneli. Jibu lote lilikuwa kwenye mstari huo. Ila mtu aliyekwisha kuona amri ya kunakili, macho yake huishia kwenye amri. Hata mimi mwenyewe huishia hapo nikiwa na haraka.

Meli ya masandukuni

Programu nyingi ni kitu kimoja: faili zinaingia, unabofya, zinafanya kazi. VirtualBox ni vitu viwili. Kuna dirisha unaloliona, ambalo ni programu kama programu nyingine. Na kuna draiva, `vboxdrv`, inayoingia ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, ili ipate kugawa prosesa yenyewe kati ya mfumo wa nje na ule wa ndani. Dirisha bila draiva ni usukani usio na gari.

Draiva hiyo haiji tayari. Inakuja kama msimbo chanzo, na chombo kiitwacho DKMS kinaiunganisha hapo hapo kwenye mashine yako, kulingana na kerneli uliyo nayo siku hiyo. Kwa kijana wa Kigoma huo haukuwa mfano mgumu kuutoa. Nilimuuliza Liemba ilifikaje ziwani.

"Kwa treni," akasema.

Ndiyo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwenye masanduku hadi Dar es Salaam na kupandishwa kwa reli, kisha ikaungwa upya hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Meli iliyofungwa masandukuni haielei. Na meli iliyoungwa Kigoma haina muhuri wa kiwanda wa kuthibitisha kwamba kila ribiti imekaa mahali pake. Anayetoa idhini ni aliyeiunga.

Draiva yake ilikuwa imeungwa. Tuliandika `dkms status`, ikajibu kwamba virtualbox imesakinishwa kwa kerneli iliyopo. Kwa hiyo ushauri wa video, kwamba "una upungufu wa headers", yaani faili za kerneli zinazohitajika kuiunga draiva, haukumhusu. Tukaandika `lsmod | grep vboxdrv`, kimya: draiva ipo kwenye diski lakini haimo kwenye kerneli. Basi tukaisukuma kwa mkono, `sudo modprobe vboxdrv`, na kwa mara ya kwanza mashine ikasema ukweli wote:

`modprobe: ERROR: could not insert 'vboxdrv': Key was rejected by service`

"Ufunguo umekataliwa," akatafsiri mwenyewe polepole. "Ufunguo gani sasa? Mimi sikuweka ufunguo."

Aliuweka, ila hakujua. Secure Boot ni mlinzi anayeanza kazi kompyuta inapowaka: kinachoingia kwenye kiini lazima kiwe na saini inayotambulika. Kerneli ya Ubuntu na draiva zake zimetiwa saini na Canonical, kampuni inayotoa Ubuntu, na kile kipande cha kwanza kabisa kinachoiwasha kimetiwa saini na Microsoft, jambo ambalo wapenzi wa Linux hawapendi kulisimulia hadharani. Lakini draiva iliyoungwa juzi usiku nyumbani Kibirizi, Canonical hawaijui. Kwa hiyo Ubuntu hutengeneza ufunguo wa mwenye mashine, MOK, ikaitilia draiva saini kwa huo, kisha ikamwomba mwenye mashine aujulishe kwa mlinzi. Kumjulisha hakufanyiki ndani ya Ubuntu, kwa sababu virusi navyo vingeweza kujijulisha. Kunafanyika kabla Ubuntu haijawaka, mtu akiwa ameketi mbele ya kioo, kwa kutumia ile nywila aliyoombwa.

Kwa ajili hiyo hutokea skrini ya buluu inayokutaka ubonyeze kitufe chochote ndani ya sekunde kumi. Usipobonyeza, inaendelea kuwasha mfumo kama kawaida na ombi linafutwa. Sekunde zile kumi yeye alikuwa dukani akikwangua vocha.

Matibabu yenyewe yalichukua muda mfupi kuliko maelezo. Tuliandika upya ombi:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Ikaomba nywila ya mara moja. Nikamshauri atumie herufi ndogo na tarakimu tu, kwa kuwa skrini ya buluu husoma kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani na alama nyingine hubadilika. Tukawasha upya, safari hii nimemkataza hata kwenda kujibu simu ya mama yake. Skrini ilipotokea akabonyeza kitufe, akachagua "Enroll MOK", kisha "Continue", kisha "Yes", akaandika nywila, akachagua "Reboot". Ubuntu ilipowaka, `lsmod | grep vboxdrv` ikatoa mstari. Kijana akapiga meza kofi.

Wenzangu wengi wangeingia BIOS, ile mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, na kuizima Secure Boot, dakika mbili kazi imeisha. Nami nimewahi kufanya hivyo kwenye mashine za watu, na mashine zikafanya kazi. Tena lazima niseme ukweli: ule ufunguo wa MOK unakaa kwenye diski ya kompyuta hiyohiyo, kwa hiyo mhalifu aliyekwisha kuwa msimamizi wa mfumo anaweza kuutumia kutia saini zake. Ulinzi huu si ngome. Lakini hii ni kompyuta yenye fedha za akina mama kadhaa, inabebwa mikononi kati ya nyumbani na mwalo, na mlinzi asiye kamili bado ni bora kuliko mlango wazi, hasa ikiwa kumwacha kazini kunagharimu dakika tano.

Kosa lililojificha nyuma ya kosa

Akabonyeza Start kwa ushindi. Mashine ikagoma tena.

Nilimwona uso ukimshuka, na nadhani hapa ndipo wanaoanza wengi hukata tamaa, kwa sababu macho yanaona ileile dirisha ya makosa na moyo unasema hakuna kilichobadilika. Nikamwambia asome kwa sauti. Ujumbe ulikuwa mpya: VT-x imezimwa kwenye BIOS, na msimbo `VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED`. Kosa jipya ni hatua mbele. La kwanza lilikuwa limesimama mlangoni, la pili lisingeweza kuonekana.

VT-x ni uwezo ulio ndani ya prosesa za Intel tangu mwaka 2005 wa kuendesha mfumo wa pili bila ya ulaghai wa programu. AMD wana wa kwao, AMD-V. Kompyuta nyingi za mtumba hufika ukiwa umezimwa. Zamani VirtualBox iliweza kuvumilia kwa baadhi ya mifumo ya biti 32, lakini toleo la 6.1 la Desemba 2019 liliondoa njia hiyo. Ndiyo maana video ya zamani inaonyesha mtu akifanikiwa bila kugusa BIOS, na wewe leo unafuata hatua zilezile ukakwama. Tuliwasha upya, F10 kwa kuwa hii ni HP (Dell nyingi ni F2, ThinkPad F1), tukatafuta Virtualization Technology, tukaiwasha, tukahifadhi.

La tatu lilikuwa la hesabu tu. Kati ya GB 4 alikuwa ameipa mashine pepe GB 3, kwa mantiki kwamba Windows ndiyo yenye kazi. Windows ikaanza kujisakinisha, Ubuntu ikabaki na GB 1 na kivinjari kimefunguliwa vichupo kumi na moja, kila kitu kikaganda. Mgeni amepewa kitanda, mwenye nyumba analala mlangoni na bado anatakiwa apike. Tukashusha hadi MB 2048, tukafunga kivinjari, tukaweka Windows 10 ya biti 32 kutoka diski yangu ya nje. Leseni kikundi kilikuwa nayo, ya rejareja, iliyotumika kwenye ile kompyuta iliyoungua. Nalitaja kwa kuwa wengi huja wakidhani VirtualBox ikiwa huria basi na Windows iliyomo ndani yake imekuwa huria.

Flashi yenye hesabu haikuonekana ndani ya Windows. Kwenye 6.1 kupitisha USB 2 na 3 kunahitaji kifurushi cha nyongeza cha Oracle, na leseni yake inaruhusu matumizi binafsi na ya kielimu, si ya biashara. Kikundi cha kuuza dagaa ni biashara. Kwa hiyo hatukukigusa: tulisakinisha Guest Additions, programu saidizi za VirtualBox, ndani ya Windows, tukatenga folda ya pamoja upande wa Ubuntu, nayo ikajitokeza kwenye mtandao wa Windows kwa jina la `\\VBOXSVR`. Faili zikapita humo. Programu ya hesabu ikafunguka saa kumi na dakika kadhaa jioni.

Jambo moja limenisumbua baada ya hapo. Linux ina mtambo wake wa mashine pepe, KVM, ulioingia ndani ya kerneli yenyewe kwenye toleo 2.6.20 la Februari 2007. VirtualBox, wakati ule ikiwa ya kampuni ya Kijerumani innotek, iliachiwa kuwa huria Januari mwaka huohuo, ikanunuliwa na Sun mwaka 2008 kisha ikahamia Oracle mwaka 2010, lakini draiva yake kuu imebaki nje ya kerneli miaka yote. KVM haiungwi nyumbani. Inakuja na saini ya Canonical. Kijana angesakinisha GNOME Boxes, dirisha linalotumia KVM, tatizo la ufunguo lisingetokea kabisa, angekutana na VT-x na RAM tu. Angeniuliza kabla ya kuanza ningemwelekeza huko. Aliponifikia alikuwa amekwisha kuchoma bando mara tano na kulizoea dirisha la VirtualBox, na folda ya pamoja humo ni rahisi kwa mtu mgeni, nikaona kumhamisha ni kumwanzisha upya. Sijui kama nilifanya sawa. Mbalamwezi ndiyo iliyoamua.

Wiki mbili baadaye Ubuntu ilipokea kerneli mpya. Alinipigia kuniambia, kwa sababu nilimwonya kwamba hapo ndipo wengi huamka na -1908 upya. DKMS iliiunga draiva, ikaitia saini kwa ufunguo ambao mlinzi tayari anaujua, mashine ikawaka bila kuulizwa swali.

Siku ya kuichukua kompyuta alikuja na mama yake. Mama alitazama Windows ikiwaka ndani ya dirisha la Ubuntu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo kijana wake hakuwa ameliuliza kwa siku zote hizo.

"Umeme ukikatika na betri ikaisha, hii ya ndani nayo inakufa?"

"Inakufa pamoja na ya nje, mama."

"Na hesabu nilizokuwa naandika?"

Tukakaa tena nusu saa. Nikawaonyesha kufunga kwa "Save the machine state" badala ya kuacha dirisha wazi, na kwamba Windows yote pamoja na vitabu vyake ni faili moja kubwa ya .vdi kwenye folda iitwayo VirtualBox VMs, inayonakiliwa mashine ikiwa imezimwa. Kijana akaandika amri kwenye simu. Mama akatoa daftari la karatasi kwenye mkoba, akaandika tarehe, akaandika "nakala kila Ijumaa", akalirudisha.